Acha Tu, Iwe Juu Yetu

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeamua kuandika shajara. Watu wakubwa huandika, na mimi nazeeka bila ushahidi.

Jina Mitwalli. Duka la vitabu vya shule, hapa hapa Faggala, Kairo. Shule yenyewe niliiacha darasa la nne, lakini vitabu nimeuza mpaka vya chuo kikuu, kwa hiyo elimu imepita mikononi mwangu hata kama haikusimama. Wananiita Hajji. Makka nimeiona kwenye sahani iliyotundikwa ukutani na mke wangu Inshirah. Inatosha.

Habari kubwa! Mkoa unanunua vitabu vya kidijitali kwa shule zake zote za umma. Vya kwenye vishikwambi. Karatasi basi, eti. Maisha yangu yote nimekula vumbi la karatasi, leo naambiwa kitabu hakina uzito. Sawa! Kisicho na uzito hakina mbebaji, na mbebaji asiyekuwepo halipwi.

Kamati ya vitabu imetoa kanuni. Nimesomewa na Irini, binti wa rafiki yangu, maana herufi wamezifanya ndogo makusudi. Nyingi ni takataka. Mbili zina meno. Moja: mchapishaji asiiuzie shule ya umma kitabu kwa bei inayozidi bei ya chini kabisa aliyomwachia mtu yeyote, popote pale. Nyingine: kitabu kiwe na sauti, kisomwe chote na binadamu, somo kwa somo, kwa ajili ya watoto wasioona. Likikosekana somo moja shule zikifunguliwa, zabuni imeanguka.

Kitabu tunacho. Hisabati ya Ustadh Ramsis, rafiki yangu. Alifundisha shule ya serikali Shubra mpaka akastaafu, kisha akaandika hisabati ambayo hata mimi naielewa kurasa za mwanzo. Jina la farao, mapafu ya kuku. Sasa yuko kitandani, mrija puani, kando yake mtungi wa oksijeni wa kukodi. Mtungi ukiisha anageuka bluu mpaka uletwe mwingine. Daktari anataka apate mashine, ile ya umeme inayochuja hewa ya chumbani, haina kuisha. Bei yake ni ya gari bovu. Irini ndiye bintiye, mfamasia. Bangili zote ameshauza na bado.

Basi mpango ni huu. Zabuni tukiipata, kuna malipo ya awali. Malipo ya awali yananunua mashine ya Ramsis. Kinachobaki, changu. Na kwa kuwa hiki cha kidijitali hatujamuuzia mtu hata mmoja, hakina bei ya chini. Ni mwali! Nimetaja bei ambayo Irini alipoiona alishika kifua. Akauliza, Ami Mitwalli, hii ni ya darasa zima? Nikamwambia ya mtoto mmoja. Kwa muhula. Akasema mtoto maskini wa Imbaba ataitoa wapi. Nikamwambia haitoi mtoto, inatoa serikali. Akauliza serikali inaitoa kwenye mfuko wa nani, wa kwako?

Wasomi hawa wanachosha.

Jumapili, 7 Septemba

Zenhum naye ameomba zabuni! Zenhum wa ng'ambo ya barabara! Hisabati yake ni nzito kama mkate wa jana, lakini bei yake iko chini ya yangu. Muuza kalamu amenipa habari huku akicheka, nikamwambia acheke akijua kalamu zake zimekauka.

Huyu Zenhum si mtu. Nieleze. Kairo nzima, mteja akiuliza bei, muungwana husema: acha tu, iwe juu yetu. Kinyozi husema. Dereva wa teksi husema, hata mwizi. Mteja naye hukataa, muuzaji hushikilia, mteja huapa kwa Mungu, muuzaji huapa kwa mama yake, mara tatu, kisha pesa inalipwa na kila mmoja anakwenda zake na heshima yake. Zenhum, ukimuuliza bei, anataja bei. Hivi hivi! Mama yake mzazi alikwenda kuchukua bahasha pale dukani, akalipa. Mazishini kwake watu walilinong'ona hilo.

Lakini uchoyo wake nitaugeuza kitanzi. Mtu akimlilia mpaka akatoa kitabu bure, hata kimoja tu, basi kwa kanuni bei yake ya chini ni bure. Auzie shule bure! Afe!

Mlilia nimempata. Inshirah. Amekataa. Nimemkumbusha mashine ya Ramsis. Amekubali, ila amesema analia kwa ajili ya Ramsis, si kwa ajili yangu, nisije nikajidanganya.

Jumatatu, 8 Septemba

Inshirah alitoka amejifunika uso, eti mjane wa Minya mwenye yatima watano. Nilichungulia nyuma ya rundo la atlasi. Alilia! Alilia hata muuza maharage akasimamisha mkokoteni. Nikasema moyoni, Zenhum leo umepatikana.

Akarudi. Amenunua. Bei kamili. Eti Zenhum alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema dunia ina mitihani, akataja bei. Na alipokuwa anafuta machozi akamuuzia na mkoba wa kishikwambi. Kishikwambi chenyewe hatuna!

Nikamuuliza kwa nini amelipa. Akasema aibu. Watu walikuwa wanatazama, mjane anaondokaje mikono mitupu baada ya kelele zote zile.

Mkoba ni wa zambarau. Nimeutia vitunguu.

Jumatano, 10 Septemba

Kwa Ramsis. Kazi ya sauti imeanza. Nilitaka kutafuta msomaji wa redio, lakini nilipoambiwa ujira wake nikakumbuka kwamba hakuna anayekijua kitabu kama mwandishi wake. Nikamweleza Ramsis hivyo, akafurahi. Irini hakufurahi. Amesema, Ami, baba akipanda kitandani tu anahema, wewe unataka asome kitabu kizima? Ramsis akamwambia binti, nimewasomea vipofu wenye macho maisha yangu yote, wacha niwasomee wenye udhuru.

Simu inawekwa kifuani. Anasoma sentensi, anavuta mrija, anasoma nyingine. Mtungi unatoa sauti kama paka aliyekasirika. Nilimwambia asome haraka kidogo, shule zinafunguliwa. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, Mitwalli, ukifa wewe mauti yenyewe utayaomba punguzo.

Tulicheka. Yeye ilimlazimu kulala baada ya hapo.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui niandikeje.

Leo ni Nairuz, mwaka mpya wa Wakopti. Asubuhi nilimpelekea Ramsis tende nyekundu na mapera kama kila mwaka. Alikula tende nusu. Nikarudi dukani na moyo mweupe. Hapo ndipo balaa hunipata, moyo ukiwa mweupe.

Akaja Madam Afkar wa kamati ya vitabu, na karani wake. Ukaguzi. Mwanamke mnene, mkoba wa ngozi, uso kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Alikuwa ametokea kwa Zenhum. Akasema yule jirani yako hakunipa hata maji. Nikatweta kwa furaha! Nikaleta chai ya nanaa, nikaleta kiti chenye miguu yote. Nikamwonyesha kitabu, nikamsikilizisha Ramsis akisoma somo la sehemu, lile la mkate unaogawanywa kwa watoto. Aliuliza mbona msomaji anahema. Nikasema ni hisia. Nikaona macho yake yamelainika.

Akasema kizuri. Akasema dada yake yuko Tanta, ana binti haoni tangu kuzaliwa. Akafungua mkoba. Akasema, Hajji, na mimi nikitaka kimoja cha huyo mtoto, bei gani?

Ee Mola wangu. Miaka yote ya soko, malezi yote ya mama yangu, na aibu ya Zenhum aliyemnyima maji! Mdomo ulijisemea wenyewe. Acha tu, Madam, iwe juu yetu.

Akasema haiwezekani, taja bei. Nikasema wallahi hulipi. Akatoa pochi. Nikaisukuma. Akasema, Hajji, mimi ni mtu wa serikali, nakuomba utaje bei. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Mara ya tatu hiyo! Nikasubiri aape na yeye, alipe, tumalize kiungwana.

Akafunga pochi. Akafunga mkoba. Zipu ile, bado naisikia.

Akasema Mungu akuzidishie. Akamgeukia karani. Akamwambia, andika: bei ya chini kabisa aliyomwachia mtu, bure.

Mimi nikacheka. Karani akacheka. Hata muuza kalamu mlangoni alicheka. Madam Afkar hakucheka.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuswali msikitini. Nimeswali nyuma ya atlasi.

Jumapili, 14 Septemba

Tumeshinda zabuni.

Ndiyo. Tumeshinda! Nani atatushinda kwa bure? Zenhum amevuka barabara mwenyewe kunipongeza. Akanikumbatia. Akasema, Hajji, mimi nilijua wewe ni mkarimu, lakini hivi? Watoto wa mkoa mzima! Umetuaibisha wachoyo. Alikuwa akitetemeka kwa kicheko mpaka kilemba chake kikahama.

Nikakimbilia kwenye kamati. Nikamweleza Madam Afkar kwamba yale hayakuwa bei, yalikuwa adabu. Nikamwuliza yeye si binti wa nchi hii? Hajui kwamba mtu anakataa mpaka mwisho, kisha analipa? Akasema anajua. Akasema mama yake ni wa mtaa wa Bulaq, kamfunza yote. Lakini akasema pia kwamba miaka yote wachapishaji wamekuwa wakiwaachia rafiki, shemeji na wakubwa kwa bei ya kutupa, halafu mtoto wa shule ya umma anabebeshwa ile bei iliyonona. Kila mmoja akikamatwa husema ilikuwa adabu tu. Ndiyo maana kanuni ikaandikwa. Akaniuliza, bei uliyotuandikia sisi, Hajji, hiyo nayo ilikuwa adabu?

Nikauliza je, nikijitoa? Akasema anayejitoa, dhamana aliyoiweka inaliwa na mlango wa zabuni unafungwa miaka. Malipo ya awali? Akasema malipo ya awali ni sehemu ya bei. Sehemu ya bure ni bure.

Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la nne naiweza.

Njiani nikapita duka la vifaa vya hospitali. Mashine ilikuwa dirishani, nyeupe, ina magurudumu. Nikaitazama. Nikatembea.

Jumatatu, 15 Septemba

Si mjinga mimi. Nimepata njia kabla ya chai kupoa.

Kanuni inasema kitabu cha mwanafunzi. Haisemi kitabu cha majibu! Watoto wa mkoa mzima watakuwa na maswali ya Ramsis bure. Wazazi wao watakesha wanatafuta majibu. Majibu ninayo mimi. Nachapisha majibu, karatasi safi, jalada la dhahabu, bei nitakayo. Pesa ya kuchapia ninayo pia, ile iliyo ndani ya godoro. Inshirah anajua iko. Hajui ni nyingi kiasi gani. Ni nyingi kiasi cha mashine, kwa bahati tu.

Mchana nikaenda kwa Ramsis kumpa habari mbaya. Nilijiandaa kwa kilio. Nikamwambia nimewapa bure. Akauliza nani kawapa? Nikasema mimi. Akauliza wewe Mitwalli? Wewe uliyenitoza bahasha ya barua yako mwenyewe uliyoniandikia? Akacheka. Alicheka mpaka midomo ikabadilika rangi, Irini akaja mbio na kuufungulia mtungi zaidi. Alipopata pumzi akasema hiyo ndiyo Nairuz bora aliyowahi kuiona. Watoto wote wa shule za umma! Akasema masomo yamebaki machache, atayamaliza.

Irini akaniita kando. Akauliza na mashine?

Hapo nikafanya jambo la kiungwana, naliandika hapa ili lijulikane. Nikarudi kitandani, nikashika mkono wa Ramsis, nikasema kwa sauti: Ustadh, mashine iwe juu yetu. Akasema haiwezekani, Mitwalli, umeshapata hasara ya kutosha. Nikasema wallahi iwe juu yetu. Akasema hapana ndugu yangu, una mke. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Akasema, kwa haki ya Bikira, sikubali.

Mara tatu! Mtu mzima amekataa mara tatu. Ya nne ni matusi.

Irini akanifungulia mlango. Nilipokuwa natoka nilimshukuru Mungu kwa malezi ya Ramsis. Hakuna tena watu kama wale.

Jumanne, 16 Septemba

Mchapaji amepokea pesa ya godoro. Ameniahidi jalada la dhahabu.

Irini kanipigia. Kesho yuko zamu famasia, jirani anayemwangalia baba yake kafiwa na shangazi. Ameomba nikae na Ramsis kuanzia adhuhuri, nifungue mtungi wa akiba huu wa sasa ukielekea kuisha, maana mkono wa Ramsis hauwezi ile koki. Nikasema ndani ya macho yangu, yaani bila shaka! Akasema hataki macho, anataka nifike.

Jumatano, 17 Septemba

Jalada si la dhahabu! Ni la njano! Njano ya kipindupindu! Nilipigiwa simu adhuhuri, nikasema napita mara moja, namkemea, naenda kwa Ramsis. Mchapaji akasema dhahabu ni njano iliyokasirika kidogo. Tukabishana. Tukatafuta wino. Kukawa na foleni darajani, na joto, na lori la mabomba limepinduka, mtu yeyote angechelewa.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na Irini alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la famasia. Hakunyanyua kichwa.

Ramsis alikuwa ameegemea mto, miwani juu, kitabu magotini. Simu kifuani. Mtungi kimya.

Mtungi wa akiba ulikuwa pale pale, umejaa.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumemzika. Kanisa lilijaa walimu wake na wanafunzi wake, wengine na mvi. Nilibeba jeneza bega la mbele kulia. Kahawa chungu. Zenhum alikuja, akanipa mkono, akasema uhai ubaki kwako. Nikatafuta dhihaka machoni mwake, nisiione. Ikanikera zaidi.

Nilimweleza kila mtu juu ya lori la mabomba.

Inshirah hakunitazama njia nzima. Nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani, akainua godoro. Akalirudisha polepole. Akaenda kukata vitunguu. Alikata vingi mno kwa watu wawili.

Jumamosi, 20 Septemba

Shule zimefunguliwa leo.

Ni siku ya tatu pia tangu Ramsis afariki, kasisi alikuja nyumbani kwa Irini kusali na kunyunyiza maji. Nikaenda. Madam Afkar naye alikuwepo, amevaa nyeusi. Alikuwa ameambiwa kwamba sauti haijakamilika, na bado akaja na mikate.

Irini akafungulia rekodi kwenye simu ya baba yake. Ramsis alikuwa amebakiza somo moja, la matangi. Lile la mwisho kabisa. Tukasikia anasoma: Tangi lina maji. Bomba moja linatoa, hakuna linaloingiza. Akavuta pumzi. Swali: tangi litakuwa tupu baada ya... Akavuta tena. Akanyamaza. Simu ikaendelea. Tukasikia muuza maharage anapita chini ya dirisha. Tukasikia paka yule aliyekasirika, akipunguza hasira, akipunguza, kisha hayupo. Baadaye adhana. Ndefu, Mungu wangu, adhana sikujua kuwa ni ndefu vile. Hakuna mtu aliyethubutu kuizima.

Irini akashika simu. Akasoma yeye kilichobaki, sauti kavu, mpaka nukta ya mwisho. Akamwuliza Madam Afkar kama kanuni inataka sauti moja tu. Madam Afkar akasema kanuni inataka binadamu. Akatoka nje hadi kwenye ngazi, nikamsikia anapenga kamasi.

Kisha Irini akanigeukia mimi, mbele ya kasisi na watu. Hakupaza sauti. Akasema, Ami Mitwalli, ulimwambia iwe juu yetu. Nikasema ndiyo, nilimwambia! Kila mtu shahidi! Akasema ulijua atakataa. Nikasema alikataa mara tatu. Akasema Madam Afkar angekataa mara mia ungemlazimisha, kwa sababu yule ulimtaka akuone mkarimu. Baba yangu ulimtaka akatae.

Kasisi akatazama kikombe chake.

Nimefikiri njia nzima nimjibu nini. Nimepata jibu zuri sana nilipofika nyumbani. Limechelewa.

Jumatano, 24 Septemba

Barua za shukrani dukani! Shule ya wasioona imetuma rekodi, mtoto anamwigiza Ramsis akihema, anadhani ndivyo hisabati inavyosomwa. Inshirah aliisikiliza akaondoka chumbani.

Majibu yametoka kiwandani. Jalada la njano, na liwe. Kuna tatizo dogo: jibu la swali la tangi. Ramsis hakuwahi kuniandikia, alisema atanipa siku ile. Irini simwulizi. Nimejaza mwenyewe. Dakika ishirini. Inasikika vizuri. Nani atakwenda kupima?

Jumatatu, 29 Septemba

Kamati haina huruma. Wamepanua kanuni: vitabu vya majibu navyo vimo. Wanavitaka kwa ajili ya walimu wa mkoa mzima, na bei isizidi ya chini kabisa aliyoachiwa mtu yeyote.

Safari hii hawanipati! Nimeweka nadhiri. Maneno yale hayatoki tena kinywani mwangu, hata nikitembelewa na malaika. Asubuhi nzima nimefanya mazoezi na Inshirah. Amekaa kwenye kiti kama mteja, uso wa kuchoka, akaniuliza bei gani, mimi nikataja bei. Akauliza tena, nikataja tena. Kama Zenhum! Mara ya mwisho nilitaja bila hata kutabasamu. Nikampigia hesabu: kwa mauzo haya nitanunua mashine ile ya dirishani, niiweke dukani kama ukumbusho wa Ramsis, na wagonjwa wa mtaa wawe wanaikodi. Kwa bei ya huruma. Inshirah akauliza nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akachukua ule mkoba wa zambarau, akatoa vitunguu, akatia nguo zake, akasema anakwenda kwa dada yake siku chache, na mchuzi uko jikoni.

Alasiri akaingia Zenhum. Peke yake. Kofia mkononi. Akasema hakuja kwa ugomvi, kamkumbuka Ustadh, alimfundisha mwanawe wa kwanza bila kumtoza. Akakishika kitabu cha majibu. Akakipapasa jalada. Macho yakamjaa maji, wallahi, Zenhum! Akauliza kwa sauti ndogo, Hajji, bei gani?

Nilikuwa na bei kwenye ulimi. Ilikuwa pale. Nikamwona mzee mwenzangu analia dukani kwangu, mtaa unatazama, muuza kalamu mlangoni.

Nikasema acha tu, iwe juu yetu.

Akasema asante. Akakitia kwapani. Akatoka, akavuka barabara, na nilimwona kabla hajafika mlangoni kwake ameshatoa simu.

Mara ya kwanza! Hakukataa hata mara moja! Nimekaa hapa sielewi, mtu wa namna gani huyu, kalelewa na nani? Ramsis, Mungu amrehemu, alikataa mara tatu. Yule ndiye alikuwa mtu wa kumwambia neno lile.